Funguo Zangu na Panya wa Bhoke

Nina miaka ishirini na nne, nakaa Nyasho, hapa Musoma. Shule niliishia la saba, ila mdomo haukuishia popote... Na mdomo huo ndio umeniliza.

Kazi yangu ni kulea panya. Msicheke! Panya weupe wa utafiti, wanakula vizuri kuliko mimi. Wote ukoo mmoja: kaka anapandishwa kwa dada yake, kizazi hadi kizazi, ili wafanane. Zamu ya asubuhi alikuwa Bhoke, mchumba wangu, mtu wa Butiama. Mchana nampokea mimi.

Nikifika nilikuwaga namshtua. Natikisa funguo kwenye nondo za dirisha, cha cha cha! Anaruka, nacheka, naenda kuvaa mabuti. Nikiingia nakuta anaokota watoto wa panya wamekufa. Wa wiki tatu tu... Alisema wamekimbia kama vichaa, wakashikwa kifafa, wakanyooka. Nani angemwamini?

Mimi nikaleta utani: "Mchumba, una jicho baya wewe."

Kesho yake kazini wote wanamwita Jicho. Baada ya wiki, hata chai akimimina hawanywi...

Bosi akaniita, akauliza kama Bhoke anawawekea panya sumu. Nilijua hawezi. Lakini niliogopea kibarua changu, nikajibu eti sijui, ila wanakufaga akiwepo yeye.

Akafukuzwa siku hiyo hiyo. Na vifo vikakoma! Hata mimi nikaanza kuamini... Kumbe sikuwa tena na mtu wa kumshtua.

Mwezi uliofuata akaja daktari wa mifugo kutoka Bunda. Funguo zikaniponyoka, zikagonga sakafu. Katoto kamoja kakazunguka mbio, kakaanguka, kakatetemeka, kakanyooka. Daktari wala hakushangaa. Alisema ukoo huo wanazaliwaga hivyo, ugonjwa uko kwenye damu. Wakiwa wadogo, kelele kali inawaua. Hakuna sumu. Hakuna jicho.

Nikazitazama funguo pale sakafuni. Cha cha cha yangu ya dirishani ndiyo iliyowaua.

Nikamwambia bosi kila kitu, kisha nikaenda Butiama. Nilimkuta Bhoke anaanua muhogo. Nilimweleza yote, na kwamba kazi yake ipo. Alianua mpaka kipande cha mwisho, bila tusi hata moja.

"Marwa," akasema, "panya hawakunijua. Wewe ulinijua."

Akabeba ungo wake, akaingia ndani.

Wenzangu, ukiulizwa juu ya mtu wako, sema unachokijua, hata kama kibarua kitaota majani. Utani utauombea radhi, lakini ile "sijui" yako... utaiombeaje?

Siku hizi funguo nimezifunga kitambaa, hazilii. Ninayelia ni mimi.