Mchumba wa Chumba cha Nyuma

Foleni ya duka la fotokopi ilikuwa imeganda. Binti mshonaji, ndani ya gauni la kijani alilojishonea mwenyewe, akahisi mtu anasoma tangazo lake kutoka nyuma.

“‘Chumba kinapangishwa kwa mtu mtulivu,’” ilisoma sauti ya kiume. “Dada, mimi mtulivu tangu utotoni.”

“Watulivu hawasomi karatasi za watu.”

“Kusoma ndiyo kazi yangu. Nasoma mita za maji.”

“Na mwisho wake huwa mtamu?”

“Mwenye nyumba hulia.”

Binti akacheka, kisha akafanya kosa kubwa la kubadilishana naye namba za simu. Akaongeza onyo: “Mama hapangishi makapera. Mpangaji wa kwanza alimtorosha dada yangu, na hadi leo hatujui waliko. Siku hizi anachukua wenye wachumba tu. Tena mpangaji akinisemesha zaidi ya salamu, anahama siku hiyohiyo.”

“Nimekuelewa,” alisema Msoma Mita, akamkonyeza. Binti alidhani vumbi limemwingia jichoni.

Kesho yake mtu huyo aliketi mbele ya Mama, sare ya bluu imepigwa pasi, magoti yamebanwa kama mtahiniwa.

“Una mchumba?”

“Ninaye, Mama. Yuko mbali, ila kila jioni nampigia simu.”

Mlangoni, sinia la chai liliyumba. Msoma Mita akamkonyeza tena binti. Safari hii hapakuwa na vumbi. Mhuni mkubwa, aliwaza binti, ana mtu wake na bado anakonyeza!

Mama akampa mgeni ufunguo wa chumba cha nyuma. Tangu siku hiyo binti hakumjibu hata salamu. Na kila jioni, Mama akiwa kibarazani anachambua mboga, Msoma Mita alisimama ukumbini, simu sikioni, akamwaga asali.

“Umekula, kipenzi? Kikohozi kimepungua? Jifunike shingo, laazizi.”

Nyuma ya ukuta, binti alikuwa akikohoa siku hizo zote. Alishona mkono wa blauzi ya mteja ndani nje, akajidunga sindano mara mbili. Hata kikohozi, jamani! Mwanamke huyo hakuwa na haya: amemchukulia mwanamume, sasa anamchukulia na ugonjwa. Chakula kilimshinda. Aliogopa jioni ifike, na ikichelewa akaogopa zaidi.

Siku ya nne uvumilivu ulimwishia. Mchumba huyo lazima asikie anavyotukanwa mtu wake! Akabonyeza namba ya Msoma Mita.

Ukumbini Msoma Mita alikuwa katikati ya neno “malaika” simu ilipolia kwa kishindo sikioni mwake. Akaruka. Mboga zikamdondoka Mama.

“Mpangaji,” alisema Mama polepole, “ulikuwa unaongea na nani?”

Binti alishatoka, simu mkononi. Msoma Mita akamtazama, akatazama sakafu.

“Na ukuta, Mama. Mtu wangu alikuwa nyuma yake.”

“Wewe!” binti alifoka. “Kwa nini hukuniambia?”

“Si wewe uliyeniambia niwe na mchumba? Nilikukonyeza mara mbili!”

“Jicho ni mkataba?”

Mama hakucheka. Midomo ilimtetemeka, na binti akagundua kuwa kumbe muda wote huu mama yake hakuwa mkali. Alikuwa anaogopa.

“Hata yule alianza na maneno matamu,” alisema Mama. “Asubuhi nikakuta kitanda cha mwanangu kimetandikwa.”

Msoma Mita aliingia chumbani. Akatoka na begi lake, akaweka ufunguo kiganjani mwa Mama.

“Naondoka peke yangu, Mama. Binti yako huyu hapa. Nikirudi, nitabisha hodi mchana, kila mtu aone.”

Binti alizuia hata kikohozi.

“Jumapili, saa kumi,” Mama alisema hatimaye. “Uje na mama yako. Nataka kuongea na mtu mzima mwenzangu.”

Msoma Mita alipokwisha kutoka getini, Mama aliufunga mlango, akauegemea.

“Amevaa soksi zisizofanana.”

“Nimeona, Mama.”

“Na bado unamtaka?”

“Namtaka.”

Mama akashusha pumzi ndefu. “Basi keti kwenye cherehani. Wakwe hawakalii makochi yaliyochanika.”