Nati Iliyomezwa na Injini

Kila Jumamosi asubuhi, Kidole alimnyoosha baba yake mkono. Alianza na vidole, akavikunjua kimoja kimoja, akapanda kwenye kiwiko, kisha bega. Mkono huo wa kulia ndio uliochomelea nusu ya mageti ya mtaa wao. Tangu kiharusi kimpige baba, ulilala tu juu ya shuka, mzito na wa baridi, kama kitu kilichosahauliwa na mgeni.

Mama alikuwa ameshaondoka kwenda kiwanda cha mikate. Siku nyingine za juma baba aligeukia ukuta na kujibu maswali kwa kuguna. Jumamosi aligeukia mlango. Alitaka kunyolewa, alitaka shati safi, alitaka kiti chake cha magurudumu kisogezwe uani mapema, kwa maana Jumamosi ndiyo siku waliyokuja wenzake.

Uani kulikuwa na kigari cha mchangani. Kilikuwa mifupa mitupu: mabomba ya chuma ambayo baba aliyachomelea alipokuwa mzima, viti viwili, matairi mapana ya kukanyaga mchanga bila kuzama, na kwa nyuma, injini ya gari dogo kuukuu. Hakikuwa na milango wala paa. Hakikutengenezwa kubeba mzigo wala abiria, bali kukimbizwa kwenye vilima vya mchanga nje ya mji, kwa raha tu, na baba hakuwa amewahi kukikimbiza hata mara moja.

Wenzake walikuwa watatu, wote wagonjwa wa magari ya namna hiyo. Kulikuwa na Kinyozi, mwenye maneno mengi kuliko nywele alizozikata. Kulikuwa na Nesi, mama wa makamo mwenye kigari chake mwenyewe, ambaye hakuna aliyethubutu kubishana naye habari za injini. Na kulikuwa na Mzito, mbeba magunia kwenye kinu cha unga. Uzito wake ulikuwa wa ulimi, si wa mwili: ukimsalimia, ungeweza kufunga kamba za viatu vyote viwili kabla hajakuitikia. Mfuko wa shati lake ulijaa nati za kuokota, akitembea unalia kama kopo la sarafu. Kinyozi alimwita duka linalotembea.

Naye Kidole waliompa jina hilo ni wao, kwa sababu vidole vyake vyembamba vilipenya mahali ambapo mikono ya wakubwa ilikwama.

Walikuwa na sheria ambayo hakuna aliyeivunja. Kila nati iliyofunguliwa iliwekwa kwenye trei ya mayai, kila moja na shimo lake. Kazi ikiisha, trei iwe tupu. Nati ikibaki au ikikosekana, hakuna kuwasha injini mpaka ijulikane imekwenda wapi. Na tundu lolote la injini lililo wazi lizibwe kwa kitambaa safi.

Jumamosi moja kabureta ilikuwa imeshasafishwa, inangoja kurudishwa mahali pake. Wageni walikuwa hawajafika. Kidole aliwaza jinsi baba atakavyofurahi akikuta imeshafungwa, kazi ya mikono ya mwanawe. Akachomoa kitambaa kwenye tundu la injini, akazikusanya nati kiganjani, akainyanyua kabureta kwa mkono wa pili. Mikono ilikuwa na mafuta. Nati moja iliteleza, ikadunda ukingoni, ikatumbukia ndani ya tundu. Ilitoa mlio mdogo, kisha kimya.

Alichungulia, akaona giza. Alichokoa kwa waya, hakupata kitu. Baba, kutoka kwenye kivuli cha mlango, akauliza kazi inaendeleaje.

"Salama, baba," alijibu.

Papo hapo akasikia kicheko cha Kinyozi getini. Alirudisha kitambaa, akairudisha kabureta mezani, akarudisha nati kwenye trei. Shimo moja lilibaki wazi, likimkodolea jicho. Akaingiza mkono kwenye kopo la vyuma chakavu, akatoa nati iliyofanana na ile, akaliziba shimo. Alijiambia kwamba atasema baadaye kidogo, wakishakaa. Alijiambia pia kwamba huenda nati ile imekwama konani na itakaa hukohuko maisha.

Kabureta alikabidhiwa Mzito aifunge. Aliinama juu ya injini kwa muda mrefu, taratibu kama kawaida yake, akaimaliza. Kinyozi akainua trei juu na kutangaza kwamba ni safi kama upara wa mteja wake wa mwisho. Hapo ndipo Kidole alipofumbua kinywa. Lakini Nesi alikuwa ameshasukuma kiti cha baba hadi kwenye kigari, ameshauweka mkono wa kushoto wa baba kwenye swichi, na nusu ya uso wa baba iliyoweza kutabasamu ilikuwa inatabasamu. Kidole akafunga kinywa.

Injini ilikohoa, ikashika. Ikaunguruma mara moja, vizuri kabisa. Kisha ukaja mgongano wa chuma kwa chuma, wa haraka na wa ukatili, kama mtu anayevunja sufuria kwa nyundo. Injini ikafa.

Nesi akaifungua. Pistoni moja ilikuwa imepasuka, na juu yake nati imekandamizwa ndani ya chuma, imetafunwa hata haitambulikani.

"Trei ni tupu," Kinyozi alisema polepole. "Nati zetu zote zipo mahali pake. Basi hii haikutoka kwenye injini. Imetoka nje."

Macho yote yakaenda kwenye mfuko wa shati la Mzito.

Baba alisema kwa shida, maneno yakitokea upande mmoja wa mdomo. "Umeniulia injini. Mfuko wako huo nimeusema mara ngapi? Toka kwangu."

Mzito alifumbua kinywa. Jibu lake, kama siku zote, lilikuwa mbali, na kabla halijafika baba alikuwa amekigeuza kiti na kumpa mgongo. Mzito akafuta mikono. Alipopita getini alimshika Kidole kichwani na kumwambia, "Kwaheri, mwanangu." Kidole alitamani ardhi ipasuke.

Jumamosi iliyofuata walikuja wawili tu, wakagombana. Nesi alisema alikuwa amesimama karibu na Mzito na hakuona kitu kikianguka. Kinyozi akamuuliza kama nati siku hizi huota zenyewe. Nesi akachukua mkoba wake akaondoka. Jumamosi ya pili hakuja mtu. Kidole alipoingia kumnyoosha baba mkono, alimkuta ameugeukia ukuta.

"Uache," baba alisema. "Wa nini tena?"

Sahani ya chakula aliyoacha mama ilirudi jikoni kama ilivyokwenda. Jumamosi hiyo ikawa kama Jumanne, kama siku yoyote. Mama alirudi jioni, akaiona ile sahani, akaketi kizingitini na unga mikononi, akatazama kigari. Kidole aliona kwamba alichokiharibu si injini tu. Kilichompa baba sababu ya kugeuka kilikuwa kimeondoka, naye alijua kilikokwenda.

Asubuhi ya pili yake alisimama karibu na kitanda na kuuambia mgongo wa baba. Alianza na kitambaa, akamaliza na kopo la vyuma chakavu. Hakulia, alihofia akilia baba atamwonea huruma.

"Rudia," baba alisema.

Akarudia.

"Hiyo ya kwenye trei uliiweka wewe?"

"Ni mimi, baba."

Baba alivuta pumzi kana kwamba ananyanyua kitu. Kisha akageuka, kidogo kidogo, mpaka wakatazamana. "Nipe shati," alisema.

Tangu augue, baba hakuwa amekanyaga barabarani. Hakutaka watu wauone mdomo wake uliopinda. Siku hiyo Kidole alikisukuma kiti chake mtaa mzima, kikirukaruka kwenye mashimo, huku watu aliowatengenezea mageti wakitoka kusalimia, na wengine wakitazama pembeni. Baba aliitikia kila salamu, na kila mara mate yalimtoka, na kila mara alijifuta kwa mkono wa kushoto.

Kinuni hawapumziki hata Jumapili. Mzito alikuwa kwenye mlango wa ghala, mweupe kwa unga hadi kwenye nyusi, gunia begani. Alipowaona alilitua. Wabeba magunia wenzake wakasimama kutazama. Kidole alisema yote mbele yao, kwa sauti, kwa sababu baba alimwambia njiani kwamba mtu aliyedhalilishwa mbele ya watu hasafishwi kwa minong'ono.

Mzito alinyamaza kwa muda mrefu, na safari hii hakuna aliyemkatiza. Kidole aliona kwamba mfuko wa shati lake ulikuwa umeshonwa mdomo kwa uzi mweusi.

"Nilirudi nyumbani nikaumwaga mfuko wote kitandani," Mzito alisema hatimaye. "Nikatafuta inayokosekana. Sikujua ni ipi, lakini niliendelea kutafuta. Baada ya siku tatu nikaanza kuamini kwamba ni mimi."

"Nisamehe, ndugu yangu," baba alisema. "Nilikuhukumu kabla hujafungua mdomo."

Mzito alimtazama mtoto, akamtazama baba. Akasema kazi inamngoja. Akalirudisha gunia begani na kuingia ghalani.

Walirudi nyumbani. Baba hakumgombeza Kidole, wala mama alipoelezwa hakumgombeza. Baba alimwagiza tu awafuate Nesi na Kinyozi, kila mmoja kwake, na kuwaeleza kwa mdomo wake mwenyewe. Kidole alikwenda. Kinyozi, ambaye hakukosa neno maishani mwake, alisimama na mkasi hewani mpaka mteja akakohoa.

Jumamosi Nesi alikuja na pistoni iliyotumika lakini nzima, kutoka kwenye stoo yake. Kinyozi alikuja akiwa mpole. Walipokuwa wamekata tamaa ya kumwona, Mzito akaingia, akamsalimia baba, akachuchumaa mbele ya injini na kuomba spana. Hakumsemesha Kidole. Wala hakuna aliyemwita apenyeze vidole popote. Jumamosi hiyo na iliyofuata, kazi yake ilikuwa kuosha vyuma kwenye karai la mafuta ya taa, mpaka ngozi ya mikono ikakauka na kupasuka. Aliona ni haki yake.

Siku ya kuwasha ilipofika, mama aliomba ruhusa kazini. Injini ilishika mara ya kwanza, ikanguruma bila kukwaruza. Walimnyanyua baba, wakamketisha kwenye kiti cha pembeni, wakamfunga mkanda juu ya bega lake lililokufa. Nesi akashika usukani. Kinyozi tayari alikuwa anafungua geti. Baba alitazama mbele, kuelekea vilima vya mchanga, na mama akajifuta macho kwa ncha ya kanga.

Ndipo Kidole alipousikia. Mlio mdogo, chini, nyuma ya gurudumu la kushoto. Hakuna mwingine aliyeonekana kuusikia. Alijua wakizima, baba atashushwa. Alijua pia watakavyomtazama, yeye kati ya watu wote.

"Zima, Shangazi," alimwambia Nesi. Akarudia kwa sauti zaidi. "Zima. Kuna kitu kinagonga huku chini."

"Huyu sasa hata chafya ataisikia inagonga," Kinyozi alisema getini. Lakini Nesi alizima.

Mzito alilala kifudifudi, akaingiza kichwa chini ya kigari, akakaa huko. Alipotoka alisema kibano cha bomba la moshi kimelegea. Kingeanguka kabla hawajaufikia mchanga, na bomba lenye moto lingeuangukia mrija wa petroli.

Kinyozi aliliachia geti. "Hicho nilikifunga mimi," alisema. "Sikukikaza."

Mzito alimpa spana. Kinyozi akaingia chini, akakaza, akatoka na vumbi kifuani, na baba hakuwa hata amefunguliwa mkanda. Mambo yakaishia hapo.

Kigari kilitoka getini, Kinyozi na mama wakikifuata kwa miguu hadi kona. Uani walibaki Mzito na Kidole. Mzito alitazama barabara, na Kidole alingoja, maana alishajifunza kumngoja.

"Umeona?" Mzito alisema. "Kitu kikianguka ukasema, tunatafuta kitu. Ukikificha, tunaanza kutafuta mtu. Na tukitafuta mtu tutampata tu, hata kama siye."

"Nimeona, Mjomba."

"Haya. Lete kitambaa tufute haya mafuta."

Kidole akakimbilia ndani kuleta kitambaa.