Shati Iliyochomwa

Emery alikuwa fundi wa kushona nguo ku mutaa ya Kamalondo. Mashini yake ilikaa mbele ya nyumba ya mama yake, Edith, na bantu balipenda kola zake. Lakini kazi ilipunguka. Bwana moja akaanza kuja nyuma ya misa, kuambia vijana kama shida yote inaletwa na bantu ba jimbo ingine, na kama wakati ya kubafukuza kwa panga imefika. Ilikuwa bongo, uongo mutupu! Emery akaamini, akashona bendera ya kikundi.

Siku polisi balivamia mukutano, bwana ule hakuonekana. Emery njo alikamatwa.

Sheria inakataza kuweka muntu mu kasho, chumba ya polisi ya kufungia bantu, zaidi ya siku mbili bila kumupeleka mbele ya hakimu. Emery alikaa humo majuma. Mukubwa wa kasho alitaka majina ya bantu ba kikundi. Emery alimupa yote aliyojua, na bado mukubwa alimuvunja vidole vya mukono ya kuume.

Alipotoka, Edith alifanya vile bamama bengi banafanya. Aliwasha mbabula ya makala pa mulango, akavua mutoto yake shati, akaichoma, juu buloko, ile kifungo, isimufuate mu nyumba. Maji ya kumuosha ilikuwa tayari. Jirani yao, mama Espérance, anayetumika na ba-avoka, bale banatetea bantu ku tribinali, ba haki za binadamu, akaingia, akashika beseni.

"Mama Edith, ile shati ilikuwa na damu?"

"Ilijaa damu. Sikutaka kuiona tena."

"Basi umechoma shahidi. Usimuoshe. Tuende kwanza kwa munganga wa hospitali, apige picha, aandike kila kidonda."

Edith akainamisha kichwa. "Mutoto yangu alifuata babaya. Nitalalamika na uso gani?"

"Kama alikosa, tribinali imuhukumu. Lakini hakuna sheria inaruhusu kutesa mufungwa, hata akiwa muuaji."

Balienda kwa munganga, kisha balipeleka malalamiko ku tribinali ya kijeshi, kwa sababu njo inahukumu polisi. Kesi ilivutwa mpaka Edith alichoka. Emery naye alijibu juu ya bendera, akakubali kosa lake mbele ya bantu bote.

Siku ya kuhukumu mukubwa wa kasho, avoka wake aliuliza shati ya damu iko wapi. Edith alisikia haya mpaka ku miguu. Halafu munganga akasoma karatasi yake, kidonda kwa kidonda, na mukubwa akahukumiwa kufungwa.

Bantu balipiga makofi. Emery hakupiga. Vidole vyake havishike tena sindano, na hakuna hakimu wa kuvirudisha.

Inje, mama ya mukubwa alikuwa anaikala chini, analia. Edith alimupita, akasimama, akarudia. Moyo wake ulikuwa uchungu kabisa.

"Mama, siku mutoto yako atatoka buloko, usichome shati yake. Umupeleke kwanza kwa munganga."

Kisha akaenda, bila kumupa mukono.