Viwavi wa Kaltun na Moshi wa Guled

Siku za likizo, Kaltun alikuwa serikali ya nyumba. Mama yake, Rukiyo, ambaye watoto walimwita Hooyo, aliondoka asubuhi na mapema kwenda kuuza maziwa ya ngamia sokoni Garissa. Baba alikuwa Habaswein na mifugo yake. Kwa hiyo Kaltun wa gredi ya sita alibaki na raia wawili. Hani, mwenye miaka sita, aliuliza maswali kutwa. Guled, mwenye miaka minne, hakuuliza kitu. Yeye aligusa tu.

Asubuhi moja, Kaltun akiwa anafagia, Hani alirudi kutoka duksi, yaani madrasa, akiwa amekumbatia chupa ya soda. Ndani yake kulikuwa na viwavi wanne wenye milia nyeusi, nyeupe na ya manjano. Walikuwa na pembe mbele na pembe nyuma, kiasi kwamba hukujua kichwa kiko upande gani. Guled aliwasalimia pande zote mbili, asije akakosa adabu.

"Umewatoa wapi?" Kaltun aliuliza.

"Pale."

"Pale wapi?"

"Pale pale. Mwalimu wetu wa shule alisema hawa hugeuka vipepeo. Mimi sikubali. Mwalimu huyo huyo alisema dunia inazunguka."

Kaltun alipenda kuaminiwa kuliko alivyopenda sukari. "Watageuka," akasema. "Tutawafuga hapa hapa, na utaona kwa macho yako." Akatafuta boksi la katoni, akawahamishia humo.

Jioni Hooyo alilitazama boksi la viwavi barazani kama mtu anayetazama mgeni asiyealikwa.

"Wanakula nini hawa?"

Kaltun hakujua. Lakini mwarobaini ulikuwa umesimama pale uani, mbele ya macho yake, na jibu likatoka lenyewe. "Majani ya mwarobaini, Hooyo."

"Basi sawa. Majani ya mti huu wa nyumbani tu. Asiende mtu kwenye booc. Mmenisikia?"

Walimsikia. Booc ni kichaka chenye majani mapana ya kijivu, hujiotea mchangani, na kimoja kilikuwa nyuma ya ua wao. Ukivunja jani lake, hutoka utomvu mweupe kama maziwa. Mbuzi wa mtaa ule walikula katoni, walikula kamba, na mwaka jana walikula nusu ya kalenda ya jirani, lakini booc waliipita mbali. Jambo hilo peke yake lilitosha kumwonya mtu.

Kesho yake viwavi waliuona mwarobaini na kuugomea. Hapo vichwa vya watoto vikaanza kuchanganyikiwa. Hani aliwaletea anjera, ule mkate laini wa asubuhi. Hawakula. Kaltun aliwaletea sukuma wiki. Hawakula. Guled aliwawekea baasto, yaani tambi za mchana, nao wakailalia kama godoro. Akawamiminia maziwa ya ngamia, na mmoja wao nusura azame.

"Labda wamefunga," Hani alisema.

Iftin, mwanafunzi mwenzake Kaltun aliyekaa nyumba ya pili, alichungulia juu ya ua akacheka mpaka akakohoa.

"Abaayo, dada yangu, unawapa baasto? Hao hula booc peke yake. Nimewaona huko nyuma wamejaa. Wallahi, ukimpa kitu kingine atakufa akikuangalia."

Kaltun alisimama na boksi mkononi. Akimwambia Hooyo ukweli, viwavi watatupwa na Hani atashinda. Asipowapa booc, watakufa na Hani atashinda vilevile. Alizunguka ua, akavunja majani mawili, akarudi. Viwavi walikula kwa fujo, ungedhani wanalipwa.

Jioni Hooyo alichungulia boksini. "Kumbe mwarobaini unawafaa."

"Unawafaa sana," Kaltun alijibu, akajishughulisha na sufuria ambayo ilikuwa imeshaoshwa.

Tangu hapo ukawa mchezo. Viwavi walikuwa ngamia, boksi lilikuwa zizi, na Guled alikuwa mchungaji mkuu. Siku moja Kaltun alivunja jani la booc, na tone jeupe likamdondokea kidoleni.

"Umeona, Guled?" alisema kwa utani. "Hata booc hukamuliwa kama ngamia."

Alijifuta kwenye gauni akaingia jikoni kuosha vyombo. Yeye alikuwa anatania. Guled hakuwa anatania.

Guled alichukua kopo, akaenda nyuma ya ua. Alikuwa amemwona Baba akikamua ngamia akiwa amesimama kwa mguu mmoja, chombo kikiwa kwenye goti. Naye akasimama kwa mguu mmoja, akaweka kopo gotini, akaanza kukamua majani ya booc mikono miwili, akiimba kwa sauti ya chini kama mchungaji mzee wa Eldas. Kaltun alimwona kupitia dirishani. Kitu kilimwambia toka umzuie. Lakini ilichekesha mno, na mikono yake ilikuwa na povu la sabuni.

Mguu mmoja wa mtoto wa miaka minne haudumu. Guled alianguka, mchanga ukamjaa usoni, akajipangusa macho kwa viganja vyote viwili. Akainuka. Hakulia.

Baadaye kidogo aliingia ndani na kuuliza, "Nani amewasha moto?"

"Hakuna moto," Kaltun alisema.

"Kuna moshi."

Kaltun alitazama jikoni. Jiko lilikuwa baridi. Hani alinusa hewa. "Hakuna moshi, Guled."

"Upo mwingi," Guled alisema kwa upole, akajigonga kwenye mtungi wa maji. Akauomba mtungi msamaha.

Hani alicheka. Kaltun alitaka kucheka, kicheko kikakwama. Macho ya Guled yalikuwa mekundu, na alikuwa akiangalia bega lake Kaltun huku akidhani anaangalia uso. Lakini halii. Mtoto huyu hulia biskuti yake ikivunjika vipande viwili, na sasa amejigonga halii. Kaltun alishindwa kuelewa. Kama macho yanauma, mbona halalamiki? Kama hayaumi, mbona haoni?

Hooyo aliporudi, Guled alimpita mlangoni akielekea kumkumbatia mbuzi, akidhani ndiye yeye.

"Mwanangu ana nini?" Hooyo alimgeuza uso kwenye mwanga. "Kaltun, amefanya nini?"

"Mdudu," Kaltun alisema. "Nafikiri kiwavi alimgusa jichoni."

Jirani alisema ni vumbi. Mwingine akasema ni usingizi. Hooyo hakungoja wa tatu. Alimbeba Guled mgongoni, akamwamuru Kaltun atie kiwavi mmoja kwenye ile chupa ya soda na kuibeba, na wote wakaenda zahanati.

Muuguzi Abdirahim alimpokea mtoto, akammulika macho yote mawili, kisha akamwaga kiwavi kwenye kiganja chake. Alimgeuza hivi na vile.

"Mama, mimi sielewi. Kiwavi anayewasha huwa na nywele. Huyu hana hata moja. Amemchoma kwa pembe hizi?" Alizigusa. Zililegea kama baasto. "Na macho haya hayakuchomwa na mdudu. Mtoto alishika nini leo?"

Hooyo alimgeukia Kaltun. Hani naye alimgeukia Kaltun. Kiwavi pekee ndiye aliyetazama pengine, ingawa kwa pembe zile huwezi kuwa na hakika.

"Alicheza tu," Kaltun alisema.

"Kucheza kuko kwingi. Nikitibu kitu ambacho sicho, napoteza muda, na muda huu ni wa macho yake."

Guled aliinua uso kuelekea dirishani, kwenye jua lote la Garissa, akauliza tena kwa ile sauti yake ya upole, "Mjomba, nani amewasha moto? Mwambie azime. Namtaka Hooyo na simwoni."

Hooyo alikuwa amemshika mkono.

Kaltun alisikia maneno yakimtoka kabla hajayapanga. "Ni booc. Alikamua booc kwa mikono akajipangusa. Mimi ndiye niliyemwambia hukamuliwa. Viwavi hawali mwarobaini, Hooyo. Hawakuwahi kuula."

Muuguzi hakumkemea. Alikuwa ameshasimama. Alimlaza Guled, akaning'iniza chupa ya maji ya chumvi, akaanza kumsafisha macho. Maji yalitiririka mpaka sakafu ikalowa. Chupa ilipoisha akafungua nyingine. Sasa Guled alilia, tena kwa nguvu zake zote, na kwa mara ya kwanza siku hiyo Kaltun alifurahi kumsikia.

"Utomvu ule huchezea kioo cha jicho," Abdirahim alieleza akiwa bado anamimina. "Mara nyingine hauumi sana mwanzoni, ndiyo maana watu hupuuza. Huleta ukungu tu. Na wewe binti, mdogo wako akiingiwa na kitu jichoni, hatua ya kwanza ni maji safi, mengi, papo hapo. Halafu ndiyo maelezo. Lakini maelezo ya kweli."

"Ataona?" Hooyo aliuliza.

"Inshallah. Kesho mpelekeni kwa daktari wa macho. Ukungu utaondoka taratibu. Msimharakishe."

Njia nzima ya kurudi Hooyo alitembea mbele, Guled mgongoni, bila kumgeukia Kaltun. Kaltun angelipendelea kelele.

Nyumbani alichukua boksi mwenyewe, akaelekea jaani.

"Unakwenda wapi na hilo?" Hooyo aliuliza.

"Kuwatupa."

"Wao wamekosa nini? Wamekula chakula chao, hawakumdanganya mtu. Rudisha. Majani nitawawekea mimi, kwa glavu. Wewe una kazi nyingine."

Kazi nyingine ilikuwa matone ya Guled, ambayo daktari wa macho aliwaandikia kesho yake. Kila mara Kaltun aliosha mikono kwa sabuni kwanza, Hani akikagua kucha kama askari. Kisha aliinua kitu mbele ya Guled. "Hiki ni nini?" Kijiko kikaitwa kikombe. Kikombe kikaitwa paka. Usiku Kaltun alilala akihesabu vitu ambavyo mdogo wake huenda asivione tena.

Kana kwamba hayo hayatoshi, viwavi wakaacha kula. Walipanda juu ya boksi, wakaning'inia vichwa chini, na kulipokucha hawakuwapo. Mahali pao vilining'inia vifuko vya kijani vyenye madoa ya dhahabu.

"Wamekufa," Hani alisema. "Nilikuambia."

"Sijui," Kaltun alijibu. Lilikuwa jibu lake la kwanza la kweli kuhusu viwavi wale, na Hani alishangaa hata akasahau kubishana.

Siku zikapita. Kijiko kikawa kijiko. Lakini madoa ya mbuzi wa jirani Guled alikuwa bado hayaoni.

Asubuhi moja Hooyo alikuwa akimimina chai, Guled amekaa kwenye mkeka barazani. Mara akasema, "Nani amewasha moto?"

Birika likasimama hewani. Waliona wamerudi mwanzo.

"Moto gani, mwanangu?" Hooyo aliuliza kwa sauti nyembamba.

"Huo. Mdogo." Guled alinyoosha kidole kwenye boksi. "Una madoa meupe pembeni."

Juu ya kifuko kilichopasuka alikuwa amening'inia kipepeo wa rangi ya machungwa iliyokolea, ncha za mabawa yake nyeusi zenye madoa meupe madogo sana. Hata Kaltun ilimbidi asogee ili ayaone.

Hooyo aliweka birika chini, akaketi hapo hapo sakafuni.

"Kaltun," alisema baadaye, mtoto akiwa mapajani pake. "Sikukasirishwa na booc. Kila mtoto hugusa asichotakiwa. Lakini uliponiambia mwarobaini, nilikuamini, kwa hiyo sikumchunga mtoto mahali pa kumchunga. Na uliponiambia mdudu, nilikwenda kwa muuguzi nikiwa sijui chochote. Guled alijitia moshi machoni kwa kutojua. Mimi moshi wangu nilitiwa na wewe. Ukikosea, niambie mapema, hata kama nitapiga kelele. Kelele huisha."

"Nitakuambia, Hooyo."

Kipepeo alifungua mabawa, akayafunga, akapima upepo, kisha akaruka juu ya ua kuelekea kule kule kwenye booc. Guled alimfuata kwa macho mpaka mwisho.

"Haya," Kaltun alimwambia Hani. "Umekubali sasa?"

Hani alifikiri. "Kipepeo nimekubali. Dunia bado haizunguki."