Nguo za Wifi Mtandaoni

Taa mbili hutoa vivuli viwili. Hilo Asteria alilijua vizuri kuliko sala ya asubuhi, kwa sababu vivuli ndivyo vilivyomtesa tangu aanze kupiga picha nguo za kuuza mtandaoni: kimoja kushoto, kimoja kulia, vyote vikilichafua shuka jeupe alilolibana ukutani. Ujanja wa mtu asiye na studio alikuwa ameumaliza wote. Balbu moja aliifunika kwa ndoo nyeupe ya plastiki ili mwanga utoke laini, ya pili aliielekeza kwenye ubao wa boksi alioufunga ile karatasi ya kung'aa ya kuwekea nyama choma. Simu ilikaa juu ya kreti mbili za soda. Dirisha aliliziba kwa blanketi, maana jua la Kahama likiingia chumbani gauni jekundu hutoka la chungwa, na mteja akilipokea anakuita tapeli. Kwa hiyo saa sita mchana, majirani wakiwa wanapakua wali, chumbani kwake kulikuwa na usiku wa kujitengenezea.

Ndipo siku hiyo, gauni la kijani likining'inia kwa uzi wa nailoni mbele ya shuka, akahesabu vivuli vitatu.

Akazima balbu ya ndoo. Vikabaki viwili, wakati kilitakiwa kibaki kimoja. Akaiwasha tena, vikarudi vitatu, na kile cha katikati hakikuishia kwenye pindo la gauni kama wenzake. Kilikuwa na miguu.

"Hizi balbu za bei rahisi," Asteria akajisemea kwa sauti, kama mtu anayetaka asikike na jirani. Akabonyeza simu, akapiga picha.

Alijidanganya, na alijua anajidanganya. Gauni lile halikutoka kwenye belo la mitumba. Lilitoka kwenye sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda chake, sanduku la wifi yake Salome, dada wa mumewe Fredy, aliyekufa kwa homa kali mwezi wa pili huko machimboni Geita, alikokuwa akiwapikia wachimbaji pembeni mwa maduara, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu.

Salome alikuwa mtu wa ajabu kidogo. Miaka sita alikaa kwenye moshi wa kuni na vitunguu, amevaa fulana iliyotoboka, na huku ana sanduku la nguo ambazo mke wa mkurugenzi angezionea wivu. Hakuzivaa. Alikuwa akisema ni za siku atakayotoka porini na kwenda kuishi mjini na binti yake. Alipotoka porini alitoka akiwa kwenye jeneza. Gari la msiba lilipopita Kahama kuelekea kwao Songwa, mama yake, bibi Serafina, alilishusha sanduku lenye kufuli mlangoni kwa Asteria, akampa ufunguo na kumshika mikono yote miwili.

"Mama Edward, nyumbani kwangu kuna mchwa na ndugu," alimwambia. "Hivyo vyote vinakula. Kaa na nguo zake wewe mpaka siku ya kumaliza msiba, tugawe."

Kwa desturi ya ukoo wao, nguo za marehemu haziguswi kabla ya siku hiyo. Zinatolewa mbele ya watu, kila mwanamke wa ukoo anapewa moja na kuivaa papo hapo juu ya nguo zake, na marehemu anahesabiwa ameagwa. Blessing, binti wa Salome mwenye miaka kumi, alikuwa ameshachagua gauni lake kwa kulikumbuka tu.

Sasa, Asteria si mwizi wa kuzaliwa. Ilianza kidogokidogo, kama mambo yote ya aibu yanavyoanza. Belo alilonunua mwezi wa nne lilitoka bovu, makoti matupu, Kahama na joto lake. Akafungua sanduku azianike nguo zisipate fangasi. Akatundika moja, eti ajaribu taa. Ilipendeza, akaiweka kwenye status, eti wateja waone taa zake mpya. Dakika tano hazikupita, mtu akaandika: Dada, hiyo naichukua, nitumie leo. Naye akaituma. Kabla ya kuituma, Mungu amsamehe, alikumbuka kuingia kwenye mipangilio ya simu na kumzuia Fredy, ambaye kazi ilimweka mbali na nyumbani, pamoja na mawifi wote wasione status zake.

Hapo ndipo angejishtukia. Mtu anayekumbuka kuficha anajua anachofanya.

Gauni la kijani lilikuwa la nne. Alipoifungua ile picha aliona kwamba halikuning'inia tena. Lilikuwa limejaa. Kifua kilikuwapo, kiuno kilikuwapo, na bega la kulia lilikuwa limeshuka chini kuliko la kushoto, kama la mtu aliyebeba ndoo za maji upande mmoja kwa miaka. Juu ya shingo palikuwa patupu. Akainua macho: mbele ya shuka gauni lilikuwa limelala bapa kwenye hanga, halina mtu.

Angeifuta. Kidole kilifika kwenye alama ya kufuta. Lakini picha ilikuwa nzuri, jamani, nzuri kuliko zote alizowahi kupiga, na mwalimu mmoja wa Geita alilichukua gauni lile kabla chai haijapoa.

"Mwanamitindo wako ana umbo," wateja waliandika. "Mbona unamkata kichwa? Tuonyeshe sura!" Asteria alijibu kwa vikatuni vya kucheka. Nguo ya tano ikatoka, ya sita, ya saba, na kila picha ilikuwa na bega lile lililoshuka. Harufu ya moshi wa kuni na vitunguu vya kukaanga ikaanza kukaa chumbani mwake, yeye anayepikia gesi. Mchana akiwasha balbu alisikia nyuma ya shuka pumzi ya mtu anayesubiri zamu yake ya kuvalishwa. Alikuwa akiona haya hata kubadili nguo mbele ya ukuta ule. Na bado alitundika nyingine.

Nguo ya kumi na moja ilikuwa ya mwisho. Baada ya hapo sanduku likabaki na karatasi ya gazeti na vidonge vya kufukuzia nondo, na Asteria akavuta pumzi, akidhani angalau mambo yameisha. Siku iliyofuata alitundika shati la kiume la kawaida, la kwenye belo, akawasha balbu ya ndoo, akawasha ya pili, akapiga. Kwenye picha shati lilikuwa tupu kama mashati yote, bapa, halina mtu, akaanza kucheka kwa furaha, na kicheko kilikuwa hakijamtoka vizuri alipoona pembeni, pale shuka linapofikia kona, kwamba shuka lilikuwa limekusanywa na kuvutwa, na kwamba kilicholivuta ni vidole vinne vyembamba vyenye kovu la mafuta ya moto, vimekamata kwa nguvu kama mtu aliyefumaniwa anaoga akanyakua chochote kilicho karibu. Hakuthubutu kugeuka kutazama ukutani. Alisikia kibanio kimoja kikifyatuka na kudondoka sakafuni, kisha cha pili, kisha shuka likiburuzwa polepole kuelekea uvunguni mwa kitanda, na meno ya mtu yakigongana kwa baridi katika chumba ambacho yeye mwenyewe jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni.

Alitoka mbio na ndala moja.

Mganga Bartholomeo alikaa nyuma ya mashine za kukoboa mpunga, mzee mpole ambaye vumbi la pumba lilimfanya akohoe kila baada ya maneno matatu. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hizo nguo ni za nani?" akamuuliza.

Asteria alifungua mdomo. Nje wanawake wawili walikuwa wanasubiri zamu, na mmoja, Rhoda, alikuwa anasali naye kanisa moja.

"Za mitumba, baba," akanong'ona. "Za Ulaya. Sijui walizivaa akina nani."

Mzee akakohoa. "Sawa. Nitakupa dawa ya jini la mitumba. Kama ni jini la mitumba, litaondoka." Akafunga majani kwenye kipande cha gazeti. "Kama ni mtu, mama, mtu haondoki kwa majani. Mtu huwa na anachokidai, na anayekijua ni wewe."

Alifukiza chumba siku tatu. Shuka halikurudi ukutani. Kila alipolibana alilikuta uvunguni, limeviringwa, na katikati lina joto.

Na siku ya kumaliza msiba ilikuwa Jumamosi. Hapo Asteria alifanya jambo ambalo hata leo akilikumbuka hufunika uso kwa viganja. Alikwenda sokoni, akachambua mitumba kumi na moja inayofanana na nguo za Salome, akaipiga pasi. Kisha akawasha kuni uani, akakaanga vitunguu kwenye karai, akatundika nguo zile juu ya moshi mpaka jioni, azipe harufu ya marehemu.

Songwa walimpokea kwa vigelegele.

"Mwangaluka, mayu!" bibi Serafina alimwamkia kwa Kisukuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Edward." Bibi Serafina alimshika mkono, akawageukia watu waliojaa uani. "Mnaona? Miezi yote hii, na kufuli lile lile. Nimezaa mabinti wanne, lakini huyu aliyeolewa na mwanangu ndiye niliyemwamini. Mpigieni makofi."

Wakapiga makofi. Fredy alimtazama mkewe kwa fahari, na Asteria alitamani ardhi ipasuke.

Sasa ndio wakati, alijiambia. Sema. Kufuli likafunguliwa, harufu ya moshi na vitunguu ikapanda, na wanawake wakaanza kulia.

"Mayu wane, mama yangu, ni yeye!" dada mkubwa, Melania, alilia, uso kaufukia kwenye blauzi ambayo siku nne nyuma ilikuwa kwenye lundo sokoni. "Jamani, bado ina harufu yake!"

Kila mmoja akavaa yake juu ya nguo zake. Blessing alipewa gauni la kijani. Alilitazama ndani na nje, akalipapasa kwenye mshono wa bega, akasita. Kisha akalivaa, likamfika kwenye vidole vya miguu, akaja kusimama mbele ya Asteria.

"Anti, ahsante kwa kunitunzia."

Kofi lingekuwa rahisi zaidi kwake.

"Mama Edward ana simu nzuri," Fredy akasema. "Tupige picha ya ukumbusho." Wakajipanga kwenye ukuta wa nyumba, jua la asubuhi likiwapiga usoni, wanawake kumi na mmoja wamevaa nguo za watu wasiowajua, na katikati, kati ya bibi Serafina na mtoto, wakaacha nafasi kidogo bila kuambiwa, kama watu wanavyoiachia nafasi ya aliyekufa. Asteria aliinua simu. Akabonyeza, na hakutaka kutazama, lakini macho ni ya mtu na hayamsikii mwenyewe.

Nafasi ile ilikuwa na mtu. Salome alisimama pale katikati ya ndugu zake, mzima mzima, safari hii na uso wake, bega la kulia limeshuka. Hakuwa na nguo. Mkono mmoja ulikuwa umeziba kifua na mwingine umeziba chini, magoti yamebanwa, na kichwa kakiinamisha upande kama mwanamke aliyevuliwa sokoni mbele ya umati asiyejua ajifiche wapi. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anaona haya.

"Tuone!" wanawake wakasema.

"Imeharibika," Asteria akanong'ona. "Jua lilikuwa kali. Ngoja nirudie."

"Nipe nione hivyo hivyo," alisema bibi Serafina, mkono kaunyoosha.

Angeweza kuifuta. Ilikuwa ni kugusa mara moja tu, na kidole kilikuwa pale pale. Akamfikiria Salome akitafuta shuka uvunguni mwake, akishika chochote ajisitiri, na ikamjia kwamba akiifuta atakuwa amemvua mara ya pili. Akampa bibi Serafina simu.

Bibi Serafina aliisogeza mbali kidogo, kama wazee wanavyosoma. Hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu kwenye mavumbi, akafungua kitenge alichojitanda mabegani, akaifunika ile simu mapajani mwake, akaikunja pembe zote nne kwa uangalifu kama anavyofunikwa mtoto mchanga. Kitenge kikatulia juu ya mapaja yake, kisha kikainuka kidogo na kushuka, kikainuka na kushuka.

"Mama Edward," alisema kwa sauti ya chini sana. "Mwanangu amesimama uchi mbele ya watu. Nguo zake ziko wapi?"

Fredy alisogea hatua moja, akasimama. Asteria akapiga magoti.

"Gauni la kijani liko Geita," akaanza. "Nilimuuzia mwalimu. La maua liko Chato. Lile la bluu..."

Alipofika la tatu, Melania aliivua ile blauzi, akaidondosha mbele yake. Kisha wa pili akavua, na wa tatu, mmoja mmoja, bila tusi wala neno, na lundo likakua mbele ya magoti ya Asteria huku yeye akiendelea kutaja. Blessing ndiye aliyechelewa. Alilishika gauni kifuani kwa mikono miwili mpaka nguo ya kumi na moja ilipotajwa, akalivua, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya lundo, akaenda kukaa karibu na kitenge cha bibi yake.