Kibali cha Mguu wa Domi

Pikapu ilianza kurudi kinyumenyume saa nne asubuhi, taratibu, kama ng'ombe anayeingia zizini kwa hiari yake. Orval Teeter alikanyaga breki mpaka goti likalia. Wapi. Udongo wa kaunti ya Owyhee ukilowa haushiki tairi wala kiatu. Orval amewahi kuona tope la kule likimvua mtu buti la kushoto, kisha likangoja la kulia.

"Ruka, shemeji," alisema.

Domi Arrizaga, mwenye miaka sabini na miwili, akaruka. Alitua wima, kwa mguu mmoja, ndani ya shimo la kindi. Orval alisikia mfupa ukilia kabla hajasikia pikapu ikijilaza ubavu chini ya korongo, yeye mwenyewe akiwa bado ameshika usukani.

Alitoka kupitia dirishani, mzima, akapanda hadi alipolala Domi.

"Umevunjika?"

"Hapana, nimelala tu kutazama mawingu. Nivute huu mguu, mjinga wewe."

Kindi wa kusini mwa Idaho hawapandi miti. Wanachimba. Masika yakifika husimama mbele ya mashimo yao, mikono kifuani, wakipiga mluzi. Hula majani ya ng'ombe, hutoboa mashamba, na farasi huvunjika miguu humo. Kwa hiyo mtu mwenye leseni mfukoni anaruhusiwa kuwapiga kutwa nzima, mradi ana mahali halali pa kusimama.

Na mahali ndipo palipokuwa tabu. Miaka thelathini mashemeji hawa wawili waliwinda kwenye shamba moja, mpaka mwenye shamba akaliuza na nyumba mia mbili zikaota juu yake. Masika haya walitandaza ramani juu ya dashibodi watafute pengine. Rangi ya manjano ni ardhi ya umma. Nyeupe ina mwenyewe. Barabara nzuri ya changarawe ilipita kwenye nyeupe kipande kidogo, pa kurusha kofia tu. Orval alikataa. Tangu azaliwe hajaingia kwa mtu bila hodi, alisema, na hataanza kwa ajili ya kindi. Wakashika njia ya udongo, yenye manjano mwanzo hadi mwisho.

"Manjano yako haya," Domi alisema, huku Orval akiufunga mguu kwa vipande viwili vya ubao na mkanda wa suruali. "Yatanizika."

Orval alikuwa akihesabu. Dumu la maji lilipasuka wakati pikapu ikilala. Ilibaki nusu chupa ya kahawa, soseji moja ya kina Arrizaga, na makoti mawili yaliyolowa. Injini ilikufa. Simu haikushika kitu. Upepo ulikuwa umegeuka kutoka kaskazini, na chembe za kwanza za theluji zilipita ubavuni mwao bila hata kuanguka. Usiku wa baridi namna hiyo ungemmaliza mzee aliyelowa na kuvunjika.

"Tupige risasi tatu," Domi alisema. "Kila mtu anajua risasi tatu ni kuomba msaada."

Walipiga tatu. Wakangoja. Kutoka mbali, nyuma ya vilima, mtu fulani alijibu kwa tano, za furaha kabisa, kama anayewapongeza.

Wakatazamana. Wiki ile kila kilima cha kaunti kilikuwa na mtu na bunduki. Nani angegeuza shingo kwa risasi tatu?

"Sasa?" Domi aliuliza.

"Nyumba ya Bi Mabbutt. Maili tatu, nikikata moja kwa moja."

"Moja kwa moja ni nyeupe."

"Najua."

"Nikizungukia manjano je? Yaani ukizungukia."

"Kumi na moja. Utakuwa umeganda, na dada yako ataniua."

"Basi nenda ukavunje sheria, shemeji. Nitakaa hapa nikuombee."

Orval akamburuta hadi mahali palipokingwa na upepo, nyuma ya pikapu, akamfunika makoti yote mawili, akamwekea kahawa mapajani.

"Kunywa kidogo kidogo. Usilale. Na uendelee kupiga risasi."

"Kwa nani?"

"Kwa kindi. Wamekuvunja mguu."

Uzio wa Bi Verlene Mabbutt ulikuwa na nguzo zilizopakwa rangi ya chungwa, ambayo kule kwao ni kusema: usithubutu. Mjane huyu alifunga shamba lake tangu wawindaji fulani walipotoboa hori la maji na kuacha lango wazi. Ndama tisa walionekana wakitembea barabarani kama watalii.

Orval alisimama mbele ya seng'enge. Mfuko wake wa shati ulikuwa na kijitabu cha vibali, vile vya kujaza jina, gari, tarehe na sahihi ya mwenye ardhi. Amekibeba miaka minne bila mtu kumtilia sahihi hata kimoja. Alichomoa kimoja, akaandika kwa vidole vilivyokakamaa: Orval Teeter. Nimevuka hapa saa sita na dakika kumi. Naelekea nyumbani kwako, kaskazini mashariki. Pikapu iko korongoni, maili moja nyuma yangu. Penye neno "sababu" aliandika: mguu wa shemeji.

Kisha akatoa risasi zote kwenye bunduki, akachomoa komeo lake ili isiweze kufyatuka, akalitia mfukoni, akaitundika nguzoni mtutu chini, kizibao chake cha rangi ya chungwa juu yake na kibali kikiwa kimebanwa kwenye seng'enge. Huingii kwa mtu asiyekujua ukiwa na bunduki mkononi. Ndipo akalala chali, akapita chini ya waya.

Upande wa pili kulikuwa na kindi wengi kuliko aliowahi kuona maishani mwake. Mamia. Shamba zima lilikuwa likipiga mluzi, na wengine hawakujisumbua hata kumpisha. Aliinua mikono mitupu kuwaonyesha. Baadaye alikuwa akisimulia kwamba mmoja wao alicheka.

Theluji ikashuka yote kwa pamoja. Vilima vikafutika, kisha uzio, kisha buti zake. Alitembea akiuweka upepo kwenye shavu la kushoto, lakini upepo nao ulikuwa ukihama. Baada ya saa nzima alikuta nyayo mbele yake, akafurahi kwamba kuna mtu. Kisigino cha kulia kilikuwa kimelika upande. Zilikuwa zake.

Akachuchumaa, akaupa upepo mgongo. Hakuogopa sana kwa ajili yake mwenyewe. Alimfikiria Domi, ambaye kahawa ingekuwa imeshamwishia.

Aliposikia mlio alidhani ni kindi. Ilikuwa ni pikipiki ya magurudumu manne, na juu yake mwanamke mwenye kofia ya masikio, bunduki ya Orval ikiwa imelazwa mapajani.

"Wewe ndiye Teeter?"

"Ndiye, mama."

"Nimesikia risasi karibu na ng'ombe wangu wanaozaa. Nikasema leo lazima nimshike mtu." Alitoa karatasi iliyolowa kutoka kwenye glavu. "Nimekuta barua, nikafuata nyayo. Kaskazini mashariki yako, baba, ni mbaya sana. Ulikuwa ukielekea kusini, Nevada."

"Shemeji yangu..."

"Panda. Umeandika alipo."

Walimkuta Domi macho, midomo ya bluu, akiwatukana kindi kwa Kibaski, lugha ya wazazi wake. Alipoona pikipiki akaacha.

"Shemeji, umechelewa," alisema. "Na soseji nimekula yote."

Jioni, mguu ukiwa umeshaingizwa kwenye plasta na dada yake Domi akiwa amewagombeza wote wawili kwa zamu, Bi Mabbutt aliweka kile kibali juu ya meza ya hospitali, akakinyoosha kwa kiganja, akaomba kalamu.

"Hakuna aliyewahi kuniachia bunduki mlangoni," alisema. "Wale kindi wanamaliza majani yangu. Risasi ndogo tu. Lango mtakavyolikuta, mliache vivyo hivyo. Maji bebeni madumu mawili."

Akatia sahihi. Penye neno "mwisho wa kibali" alifikiri kidogo, akaandika: mguu wa shemeji utakapopona.

Imepita miaka minane. Domi hupanda ngazi za kanisa mbili mbili, na kwenye sherehe za Wabaski hucheza mpaka vijana wakae chini. Lakini kila masika, pikapu ikikaribia zile nguzo za rangi ya chungwa, hushuka mwenyewe kufungua lango, na huchechemea vibaya sana. Bi Mabbutt, akiwa barazani na darubini yake, humtazama mpaka alifunge tena, kisha hutikisa kichwa kwa huruma na kuingia ndani kuwawekea kahawa jikoni.