Jiko Lilipoingia Chumbani

Mama Chiriku alikuwa na mgeni mzito siku hiyo: mama mkwe wake. Na mama mkwe akija, wali wa nazi haukosi. Basi alikuna nazi, akakamua tui la kwanza, zito, akaliweka kando. Akakamua la pili, jepesi, akalichemsha na chumvi, akatia mchele. Ulipokaribia kukauka, akamimina tui zito na kufunika sufuria. Ilibaki kupalia tu, yaani kuweka makaa juu ya kifuniko ili wali uive chini na juu.

Mara mvua hiyo! Jiko lilikuwa uani, halina hata kipande cha bati juu yake.

"Lete jiko ndani, mwanangu!" mama mkwe akaita kutoka kitandani, alipojinyoosha na mjukuu wake. "Chakula kitaharibika."

"Na moshi je, mama?"

"Moshi gani? Makaa yameshika mekundu. Funga na dirisha, tunalowa."

Akaliingiza. Akafunga dirisha, akafunga mlango, akapalia. Chumba kikapata joto, harufu ya nazi ikajaa. Nani angekataa raha hiyo? Akakaa mkekani kusubiri.

Kichwa kikaanza kumgonga. Akadhani ni njaa. Mama mkwe akalalamika kichefuchefu, kisha akanyamaza. Mama Chiriku akamgeukia mtoto. Huyu aliitwa Chiriku kwa sababu hanyamazi, hata usingizini huguna. Sasa alikuwa kimya. Akamtikisa. Kimya.

"Chiriku! Mwanangu, amka!"

Akataka kumbeba, miguu ikakataa. Jamani, mama yuko karibu na mwanawe hivyo, na hawezi kumwinua!

"Hodi!" Alikuwa nesi wa nyumba ya pili, amekuja kuazima mbuzi ya kukunia nazi. Hakujibiwa, akasukuma mlango. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

"Ala! Jiko ndani, na mmejifungia?"

Akamnyakua mtoto, akamtoa nje mvuani. Akarudi, akamkokota mama mkwe. Mama Chiriku akatoka akitambaa.

"Niambie ukweli, dada. Atapona?"

"Anapumua. Twende hospitali sasa hivi, nyote."

Huko walivutishwa oksijeni. Mama mkwe akalia: "Nimemuua mjukuu wangu. Lakini hapakuwa na moshi!"

"Hapo ndipo watu wanapodanganyika, mama," nesi akasema. "Makaa yakiwaka hutoa hewa ya sumu. Huioni, wala haina harufu. Ukifunga nyumba, inajaa. Kichwa kinauma, unalegea, unalala, huamki. Jiko la makaa ni la nje, hata kwa kuota moto. Mkiumwa kichwa karibu nalo, tokeni kwanza, maswali baadaye."

"Na mvua ikinyesha?"

"Wali uharibike."

Jioni Chiriku alifumbua macho, akapiga ukelele, wodi nzima ikageuka. Mama yake alicheka huku analia.

Baba wa mtoto ni seremala. Alijenga kibanda cha kupikia uani, paa la bati, pande zote wazi. Wali ukawa unaiva humo kwa amani. Ila siku moja mama mkwe akiwepo, upepo ulivuma vibaya, mvua ikaingia hadi sufuriani. Mama Chiriku akamtazama, akingoja neno.

"Jiko liache hukohuko!" mama mkwe akasema.

Wali ukatoka bwabwa. Mama mkwe akamaliza wake, akasogeza sahani.

"Niongezee, mwanangu."